Unaanza kutumia kuponi kwa mahitaji ya nyumbani? Jua kwanza nani anailipia

Mleta uzi

Wakuu, habari za humu ndani.

Swali hili linarudi kila bei zikipanda: mtu anayeanza kutumia kuponi, yaani karatasi au ofa ya kwenye simu inayokupunguzia bei, aanzie wapi? Majibu anayopewa mara nyingi ni orodha ya apu za kupakua. Anapakua zote, simu inajaa arifa, anaanza kununua vitu kwa sababu vina punguzo, na mwisho wa mwezi matumizi yamepanda. Nimeona hili likiwakatisha tamaa watu ambao kweli walihitaji nafuu, na linaniuma, maana kuponi ikitumiwa vizuri inasaidia.

Kwa hiyo leo sianzi na orodha. Naanza na swali moja: hiyo kuponi uliyoshika, nani anailipia? Ukilijua hilo, kanuni nyingine utazielewa bila kuzikariri.

Kuna kuponi ya kiwanda na kuponi ya duka.

Kuponi ya kiwanda inatolewa na mtengenezaji wa bidhaa. Ukiitoa kaunta, duka linakupunguzia bei kwa fedha yake kwanza. Baadaye linakusanya kuponi zote na kuzituma kwenye kampuni inayozihakiki, na kiwanda kinalirudishia duka thamani ya kila kuponi pamoja na ada ndogo ya usumbufu. Marekani, ambako mfumo huu umeota mizizi, kuponi nyingi zimeandikwa ada hiyo waziwazi: senti 8 kwa kila moja. Duka halipotezi kitu, mradi kuponi ni halali na masharti yamefuatwa. Yasipofuatwa, kiwanda kinaweza kukataa kulipa na hasara inabaki dukani. Ndiyo maana keshia anaigeuza kuponi yako mbele na nyuma. Anachofanya ni kulilinda duka lisilipie kitu ambacho halikuahidi.

Kuponi ya duka inalipiwa na duka lenyewe. Linakubali kupata faida ndogo kwenye bidhaa moja ili uingie ndani, likijua kabisa kwamba hutatoka na bidhaa hiyo peke yake. Ndiyo maana nyingi zina sharti la kiwango cha chini cha manunuzi, au ni za siku ambazo duka huwa halina watu.

Utazitofautishaje? Soma vigezo na masharti. Ya kiwanda hujitaja kuwa ni ya mtengenezaji, na mara nyingi ina maelezo kwa muuzaji ya jinsi ya kudai fedha yake. Ya duka ina jina la duka na inatumika huko tu.

Jambo hili si jipya. Kuponi inayotajwa sana kuwa ya mwanzo ni ya Coca-Cola, mwaka 1887: kikaratasi kilichompa aliyekishika glasi moja ya bure. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 glasi milioni 8.5 zilinywewa kwa njia hiyo. Mwaka 1909, C. W. Post akaanza kutoa kuponi ya senti moja kwa wanunuzi wa nafaka zake za kifungua kinywa. Angalia walichokuwa wanakitafuta: mtu aonje kitu ambacho hajawahi kukionja, kisha arudi kukinunua kwa bei kamili. Shabaha hiyo haijabadilika hadi leo.

Mtu atauliza, kwa nini kiwanda kisishushe bei kwa wote? Kwa sababu wapo wanunuzi watakaolipa bei kamili bila kuuliza, na wapo ambao hawatanunua mpaka ipungue. Kuponi inawatenganisha. Anayejisumbua kuitafuta, kuitunza na kuikumbuka anapata bei ya chini, na asiye na muda huo analipa ya juu. Ule usumbufu umewekwa kwa makusudi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuona aibu kutoa kuponi kaunta. Hiyo ni bei uliyoifanyia kazi.

Haya, tuone yanayotokana na hapo.

Kwanza, kuponi za kiwanda ziko nyingi pale penye ushindani wa chapa: sabuni, dawa ya meno, nepi, vitu vya kwenye makopo na pakiti. Vitu vinavyouzwa bila jina la kiwanda ni nadra kuviona na kuponi, kwa sababu hakuna mwenye chapa wa kuzilipia. Kama sehemu kubwa ya kikapu chako ni vitu visivyo na chapa, kuponi itakusaidia kwenye sehemu ndogo iliyobaki. Jipangie matarajio yako kwa kipimo hicho na hutavunjika moyo.

Pili, kwa kuwa kuponi ya kiwanda na ya duka zinalipiwa na watu wawili tofauti, maduka mengi yanayozipokea huruhusu utumie moja ya kila aina kwenye bidhaa ileile. Mbili za kiwanda kwenye bidhaa moja hapana, maana mlipaji angekuwa amelipa mara mbili kwa mauzo ya mara moja.

Tatu, kuponi haina haraka kama unavyoambiwa. Ukiipata leo, usikimbilie dukani leo. Angalia tarehe ya mwisho, iweke, subiri bidhaa hiyo ishushwe bei na duka. Bei iliyoshuka na kuponi vikikutana, hapo ndipo penye nafuu ya kweli.

Sasa utaratibu wa kuanza, na naomba msiuruke. Chukua daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Andika bidhaa ambazo nyumba yako inanunua kila mwezi bila kukosa. Kumi zinatosha kwa mwanzo. Kwa kila moja andika bei ya kawaida, ukubwa wa pakiti, na bei kwa kipimo, yaani kwa gramu 100, kwa lita, au kwa kipande kimoja. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa bila kutumia kuponi yoyote. Utaanza kuona bei zinavyopanda na kushuka, na utajua ofa ipi ni ya kweli na ipi ni karatasi nyekundu tu iliyobandikwa juu ya bei ileile. Baada ya hapo ndipo utafute kuponi, na utafute za vitu vilivyo kwenye daftari.

Naomba maswali. Nipo.

Kijana wa Bweni

Mkuu naweka kambi hapa. Mimi naishi mwenyewe, bajeti yangu ya chakula ni finyu kwelikweli. Hizo kuponi zenyewe zinapatikana wapi? Na za karatasi na za kwenye simu zina tofauti gani?

Mleta uzi

Karibu mdogo wangu. Anza na vilivyo karibu nawe. Geuza pakiti unazonunua tayari, kuna viwanda vinavyochapisha kuponi ndani au nyuma ya karatasi ya kufungia. Soma sehemu ya chini ya risiti kabla ya kuitupa, maduka mengi huchapa punguzo la safari inayofuata hapo. Pita kwenye tovuti za watengenezaji wa vitu vilivyo kwenye daftari lako, kisha apu au kadi ya duka unalokwenda mara nyingi. Duka moja. Usianze kwa kujiandikisha kwenye maduka matano.

Nyingine ambayo watu hawaifikirii: andika barua pepe kwa kiwanda. Kama bidhaa unaipenda, waambie unaitumia na kwa nini. Kama ilikuja na kasoro, waeleze kwa heshima, ukitaja namba ya toleo iliyo kwenye pakiti. Wapo wanaojibu kwa kuponi. Fungua anwani ya barua pepe ya mambo haya tu, ili matangazo yasifunike barua zako za muhimu.

Tofauti ya karatasi na simu: ya karatasi inamfanyia kazi yeyote aliyeishika. Ya simu imefungwa kwenye akaunti yako, na nyingi lazima uziwashe kabla ya kufika kaunta. Kuiona tu kwenye apu hakutoshi, bonyeza mpaka ioneshe kwamba imeongezwa kwenye kadi yako. Pia nyingi hutumika mara moja kisha zinafutika. Fanya kazi hiyo nyumbani kwenye intaneti ya uhakika, maana mtandao ukikatika ndani ya duka utabaki umeshika simu huku foleni inakungoja.

Keshia wa Zamani

Nimekaa kaunta miaka, niongezee upande wetu.

Wengi wanagombana na keshia kwa sababu ya maneno mawili kwenye masharti. "Moja kwa kila bidhaa" maana yake ukinunua sabuni tatu unaweza kutoa kuponi tatu, moja kwa kila sabuni. "Moja kwa kila muamala" maana yake risiti moja inabeba kuponi moja, hata ungenunua sabuni ishirini. Msome hapo kabla hamjapanga safari.

Halafu picha iliyo kwenye kuponi isiwadanganye. Mara nyingi ni ya ukubwa mmoja au ladha moja, lakini maandishi yanaruhusu aina yoyote ya chapa hiyo. Na mara nyingine ni kinyume chake: picha ya pakiti ndogo, maandishi yanadai kubwa. Yanayohesabika ni maandishi.

Kuhusu mashine kulia na kukataa. Kuponi ina msimbopau wake, ile alama ya mistari inayosomwa na mashine. Kwenye mfumo wa Marekani, misimbo ya kuponi ya zamani ilianza na tarakimu 5, ndivyo mashine ilivyojua kwamba hii si bidhaa ya kuuzwa. Msimbo ule ulibeba habari chache: kampuni gani, kundi gani la bidhaa, punguzo kiasi gani. Kuanzia 2011 ukaanza kuachwa, ukaja msimbo mpya wenye nafasi kubwa zaidi, unaoweza kubeba hadi tarehe ya mwisho na idadi unayotakiwa kununua. Kwa hiyo mashine ya siku hizi inajua kama umetimiza sharti. Ikikataa, usianze na hasira. Mwombe keshia akusomee sababu. Kama masharti yanakuunga mkono, muulize kama msimamizi anaweza kuangalia, maana keshia mwenyewe mara nyingi hana mamlaka ya kuipitisha kwa mkono.

Mambo matatu yanayotusaidia sana: tuambie mwanzoni kwamba una kuponi, zipange kwa mpangilio wa bidhaa zilivyo kwenye mkanda, na njoo wakati duka halijajaa. Mteja wa hivyo tulikuwa tunamfurahia.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hili la maneno mawili lingestahili uzi wake.

Mpenda Hesabu

Mimi nitapingana kidogo na mleta uzi, samahani. Kuponi nyingi ni za chapa kubwa. Nimelinganisha mara nyingi na bidhaa yenye jina la duka lenyewe, na ile ya duka inakuwa rahisi hata baada ya kuponi. Sasa usumbufu wote huu wa nini? Si mtu anunue tu ya duka na kwenda zake?

Mleta uzi

Hujanipinga mkuu, umeleta swali ambalo kila mtu anapaswa kujiuliza akiwa amesimama mbele ya shelfu. Tulifanyie hesabu kwa namba tupu, kila mtu aweke fedha ya kwao.

Chapa kubwa: pakiti ya gramu 400 kwa bei ya 100. Una kuponi ya 20. Unalipa 80, sawa na 20 kwa kila gramu 100.

Ya duka: pakiti ya gramu 500 kwa bei ya 85. Ni 17 kwa kila gramu 100.

Hapo umeshinda wewe. Kuponi inabaki mfukoni, tunachukua ya duka, na hakuna tulichopoteza. Kuponi isiyotumika si hasara. Hili nalisisitiza kwa sababu wapo wanaonunua kwa kuionea huruma kuponi inayokaribia kuisha.

Sasa subiri wiki mbili tatu, duka lishushe chapa kubwa kutoka 100 hadi 80. Ukitoa kuponi ileile unalipa 60, sawa na 15 kwa gramu 100. Hapo imeipita ya duka. Kuponi ni ileile, kilichobadilika ni siku uliyoitumia. Ndiyo maana nilisema usiikimbize.

Kuna na hili la ukubwa wa pakiti. Tumezoea kwamba pakiti kubwa ndiyo nafuu. Kwa kuponi ya kiasi maalumu, sivyo kila mara. Chukua chapa hiyohiyo, pakiti ndogo ya gramu 150 kwa bei ya 42. Bila kuponi ni 28 kwa gramu 100, ghali kuliko kubwa ambayo ni 25. Kuponi ya 20 ikiruhusu ukubwa wowote, ndogo inashuka hadi 22, yaani chini kidogo ya 15 kwa gramu 100, na ile kubwa inabaki 20. Ndogo imeshinda bila hata kusubiri bei ishuke. Lakini kama kuponi ni ya asilimia, kila pakiti inapungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo iliyokuwa nafuu mwanzo inabaki nafuu. Kabla ya kuchagua pakiti, angalia kama punguzo ni la kiasi au la asilimia.

Na mpangilio nao una uzito. Bidhaa ya 100, una punguzo la duka la asilimia 20 na kuponi ya kiasi ya 20. Asilimia ikitangulia unapata 80, ukitoa 20 unalipa 60. Kuponi ikitangulia unapata 80, ukitoa asilimia 20 unalipa 64. Mashine ya duka ndiyo inayoamua mpangilio, lakini ukijua unaweza kusoma risiti yako na kuelewa kwa nini namba haikulingana na uliyoitarajia.

Mpenda Hesabu

Hiyo ya pakiti ndogo sikuwahi kuiangalia hivyo. Nimekubali.

Mama wa Mapacha

Mimi nina watoto wawili wa nepi na muda sina kabisa. Swali langu: nikipata ofa nzuri ninunue nyingi kiasi gani? Nimeona watu wanaonesha vyumba vizima vimejaa bidhaa.

Mleta uzi

Mama hongera na malezi. Vile vyumba usiviige. Kununua akiba kuna kipimo, nacho ni huu: nunua kinachotosha kukufikisha kwenye punguzo linalofuata. Daftari lako litakuonesha bidhaa hiyo hushuka bei kila baada ya muda gani. Kama hushuka kila baada ya wiki sita hivi, na nyumba inatumia pakiti moja kwa wiki, basi sita zinakutosha. Ya saba inakaa tu, imeshika fedha ambayo ungelipia kitu kingine.

Halafu kuna mipaka miwili. Mmoja ni tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa vyakula unaitazama kabla ya kuitazama kuponi. Toa ya nyuma ya shelfu, maduka hupanga zinazokaribia kuisha mbele. Mwingine ni wako peke yako: nepi zina saizi, na watoto wanakua. Usirundike saizi ambayo wanakaribia kuivuka.

Kuhusu muda, kwa hali yako ningechagua bidhaa tatu tu zinazokula fedha nyingi, nepi zikiwa ya kwanza, na kuziacha nyingine zote mpaka upate nafasi. Viwanda vya nepi vinawatafuta sana wazazi wapya, kwa sababu mzazi akizoea chapa moja huinunua kwa miaka. Angalia kama kiwanda chako kina mpango wa pointi au barua za wazazi, na ukiwa umejiandikisha, punguzo linakufuata lenyewe.

Mama wa Mapacha

Asante, tatu naziweza.

Jirani Mwema

Wadau, jana kwenye kundi la familia imetumwa linki: supamaketi kubwa inatimiza miaka kadhaa, inagawa kuponi za manunuzi ya bure, jibu maswali manne na tuma kwa watu kumi. Shangazi yangu ameshajaza. Ni kweli hii?

Mleta uzi

Si kweli, na tafadhali mpigie shangazi leo hii usingoje kesho. Kama amejaza nywila yoyote, aibadilishe. Kama ameweka namba ya kadi au ya akaunti ya fedha, awaarifu benki au kampuni ya simu mara moja.

Turudi kwenye swali letu la mwanzo: nani anailipia? Duka linalotoa vocha yenye thamani ya manunuzi ya mwezi mzima kwa kila aliyejibu maswali manne lingefilisika ndani ya wiki. Hakuna mlipaji hapo, kwa hiyo hakuna kuponi. Kinachokusanywa ni taarifa zako, na wale watu kumi unaowatumia ndiyo wanaoueneza ujumbe. Kuponi ya kweli haikudai nywila, haikudai namba ya siri, na haikulazimishi kuisambaza ndipo ifanye kazi. Fungua tovuti ya duka mwenyewe kwa kuandika anwani yake, na kama ofa haipo huko, haipo.

Niseme na hili kwa sababu limo humohumo. Kutoa kivuli cha kuponi ya karatasi, kubadilisha tarehe, au kununua kuponi za "bidhaa bure" mitandaoni ni kosa la jinai katika nchi nyingi, halina ujanja wowote. Mwaka 2021 huko Virginia, Marekani, mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza na kuuza kuponi bandia ambazo hasara yake kwa maduka na viwanda ilizidi dola milioni 31. Kila kuponi bandia inayopita, kuna duka linalobeba gharama yake, na maduka madogo ndiyo yanaumia zaidi mpaka yanaacha kabisa kupokea kuponi, na sote tunakosa.

Jirani Mwema

Nimempigia. Alikuwa ameweka nywila ya barua pepe, tunabadilisha sasa hivi.

Msomaji wa Kimya

Mimi huwa sichangii lakini hili linanikera. Hizi kadi na apu za duka zinajua kila ninachonunua. Je, nafuu ninayopata inalingana na ninachokitoa?

Mleta uzi

Swali zito ndugu, na jibu si moja kwa wote. Ukitumia kadi, sehemu ya malipo ya punguzo lako ni taarifa: unanunua nini, lini, na unarudi baada ya muda gani. Duka linazitumia kukuletea ofa za vitu vyako, na wakati mwingine ofa za kukuvuta ununue ambavyo hukuwa unavihitaji. Mimi binafsi natumia kadi, lakini nimezima ruhusa ya mahali nilipo na ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu. Apu ya kuponi haihitaji kujua unazungumza na nani. Kama mtu hataki kabisa, kuponi za karatasi na bei zilizoshushwa kwa wote bado zipo, na daftari lile lile linamfaa.

Kijana wa Bweni

Nimerudi. Kuna apu inasema nunua kwanza kwa bei kamili, piga picha ya risiti, urudishiwe fedha. Hii nayo ni kuponi?

Mleta uzi

Ni ndugu yake. Mlipaji mara nyingi ni kiwanda, lakini fedha inakuja baada ya kununua, na inapitia kwa mtu wa kati. Kwa bajeti yako kuna jambo la kuangalia: unatakiwa uwe na bei kamili mkononi siku ya kununua, na apu nyingi hazitoi fedha mpaka salio lifike kiwango fulani. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya wiki, hesabu bei kamili. Kinachorudi kiandike siku kimerudi. Faida yake ni kwamba mara nyingi inaweza kuungana na kuponi ya kaunta, ila soma masharti, zipo zinazokataa.

Kijana wa Bweni

Sawa kaka. Basi naomba unikague kabla sijaenda Jumamosi. Nina (1) kuponi ya kiwanda ya dawa ya meno, kiasi maalumu, ukubwa wowote. (2) Kuponi ya duka ya dawa ya meno hiyohiyo. (3) Ya sabuni ya kufulia, inataka ninunue mbili. (4) Ya juisi, nusu bei, juisi huwa sinunui. (5) Ya duka, punguzo la kikapu kizima nikifikisha kiwango fulani, ila mimi huwa sifiki, nabaki chini kidogo.

Mleta uzi

Umejipanga vizuri. Twende.

1 na 2 ziweke pamoja, lakini waulize huduma kwa wateja kabla ya kuingia kama wanaruhusu ya kiwanda na ya duka kwenye bidhaa moja. Kama ni ndiyo, piga hesabu kwa pakiti ndogo na kubwa, uchukue iliyo chini kwa gramu. Angalia pia masharti yanasemaje thamani ya kuponi ikizidi bei ya bidhaa. Maduka mengi hushusha hadi sifuri tu, hakuna chenji.

3 angalia tarehe. Kama ina wiki kadhaa mbele, iache kwanza, subiri sabuni ishushwe bei. Kama inaisha Jumamosi, nunua mbili, sabuni haiozi na utaitumia.

4 mpe mtu anayekunywa juisi, kama masharti hayakatazi kuhamisha. Nusu bei ya kitu usichonunua bado ni fedha inayotoka.

5 ndiyo ya kufikiria. Usiongeze vitu vya kujazia. Angalia daftari: kuna kitu ambacho ungekinunua wiki ijayo hata hivyo? Kama kipo na hakiozi, kilete Jumamosi hii, kiwango kitimie. Kama hakipo, iache ipite. Na muulize keshia kama kiwango kinahesabiwa kabla au baada ya kutoa kuponi nyingine, maana kama ni baada, ile dawa ya meno itakushusha tena chini ya mstari.

Ukirudi weka risiti hapa, ficha namba ya kadi, tuisome pamoja.

Keshia wa Zamani

Na usiende saa tano asubuhi, Jumamosi huwa pamejaa. Nenda wanapofungua.